Mtaro Mpya Mbele ya Nyumba ya Bi Juu

Nyumba za mtaa ule zilikuwa za chini zote isipokuwa moja. Mwenye hiyo moja alikuwa mjane mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, na kwa kuwa ndiye peke yake aliyelala juu ya vichwa vya wenzake, watu walimwita Bi Juu. Jina lenyewe lilianza kwa kejeli. Mumewe alikuwa fundi mwashi, na katika ujana wao kila jioni alirudi na mabaki ya kazini: saruji nusu mfuko, nondo zilizopinda, matofali yaliyomeguka pembe. Kwa mabaki hayo alijenga, juu ya vyumba vyao viwili vya chini, chumba kimoja kipana kama ukumbi, chenye madirisha pande mbili na ngazi ya nje. Watu walicheka wakashika mbavu. Walisema fundi anajenga ghorofa kwa makombo, na wengine wakauliza kama anataka kuwachungulia wakioga.

Ikanyesha. Waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kupanda ngazi.

Mtaa ule uko bondeni na bahari haiko mbali. Mtaro wake wa zamani ulikuwa mfereji mwembamba usio na mfuniko, umejaa mchanga, chupa na viatu visivyo na wenzake. Mvua kubwa ikiangukia wakati bahari imejaa, maji hayakuwa na pa kwenda. Yalifika mwisho wa mtaro yakakuta bahari imesimama mlangoni, yakageuka, yakarudi majumbani kwa watu, na hayakupiga hodi. Waliozaliwa pale walijua dalili. Choo kikianza kugugumia, mtu hangoji kuambiwa. Anakunja godoro, anashika mtoto, anakwenda kwa Bi Juu.

Wenyewe waliita kupanda. "Mwaka huu tutapanda?" waliulizana mawingu yakianza kujikusanya. Baada ya misimu kadhaa kila familia ilikuwa na pembe yake mle ndani, na ole wako ukae pembe ya mwenzio. Mshonaji, aliyeishi mkabala na Bi Juu, kwenye nyumba ya chini kuliko zote, alikuwa na pembe ya dirishani. Alipanda amekumbatia kichwa cha cherehani yake kama mtoto mchanga, watoto wa kweli wakimfuata nyuma kwa miguu yao. Kinyozi alikaa karibu na mlango. Yeye alipanda na kioo chake kikubwa mgongoni, na kila mwaka lazima aulize, "Bi Juu, kioo nikiweke wapi?" Na kila mwaka Bi Juu alimjibu, "Kiweke usipojiona, maana ukijiona hutatusaidia kazi." Watu walicheka kana kwamba hawajawahi kuisikia.

Bi Juu alikuwa dobi wa hoteli maisha yake yote ya kazi. Shuka zikichakaa, hoteli iliwaruhusu madobi wazichukue, kwa hiyo rafu yake ilikuwa na shuka nyeupe za kulaza jeshi, zimekunjwa kwa pembe kali zisizo na kasoro. Hakuna aliyelala juu ya sakafu tupu kwake. Alipika maharage katika sufuria kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akagawa kwa mwiko, akagombeza, akaamua kesi. Mwaka mmoja mshonaji na kinyozi walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya nywele zilizopeperushwa hadi kwenye gauni la bi harusi. Bi Juu aliwapa mkeka mmoja wa kukalia na sahani moja ya kulia. "Mkitaka kununa, nunieni huko majini," aliwaambia. Maji yalipokauka, ugomvi nao ulikuwa umekauka.

Ukiniuliza mimi, mwanamke yule hakuwa mkarimu tu. Alikuwa na njaa ya watu.

Mumewe alifariki wakati wa kiangazi. Watu walikuja, wakalia naye, wakamaliza siku za msiba, wakarudi makwao kama ilivyo ada. Mwanawe wa pekee alirudi nchi ya mbali alikokuwa akifanya kazi, akaahidi kupiga simu kila wiki, na kusema kweli alipiga. Bi Juu alibaki na chumba kipana kama ukumbi. Alikula amesimama, kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia uchungu. Kisha mvua za mwaka ule zikaja, choo kikagugumia, na ngazi ikajaa miguu. Kichwa cha cherehani kilipoingia mlangoni, machozi yalimtoka akajisingizia vitunguu. Hapo ndipo alipojua jambo ambalo hakumwambia mtu: miezi yote ile alikuwa akiisubiri mvua.

Sasa msidhani aliyapenda mafuriko. Aliyachukia kama kila mtu, na ulifika mwaka akayachukia kuliko wote. Mwaka ule maji yaliingia kwa kasi, mchana kweupe, na mama mzazi wa mshonaji alikuwa kitandani hajiwezi. Wanaume waling'oa mlango, wakamlaza juu yake, wakampandisha ngazini mvua ikimpiga usoni. Bi Juu alimvua nguo zilizolowa, akamfunika kwa shuka juu ya shuka, akamsugua miguu kwa ile mikono yake mikubwa. Bibi wa watu hakupata joto. Kifua kilimbana, na maji hayajapungua bado akakata roho, pale pale pembe ya dirishani.

Kwa hiyo halmashauri ilipoitisha mkutano wa wakazi kuhusu mitaro, Bi Juu alikuwa mstari wa mbele. Wengine walizungumza kwa adabu, wakashukuru kwa kupewa nafasi. Yeye hakumshukuru mtu.

"Mimi nimechoka kuwa ghorofa," alisema. "Nimechoka kupokea watu wamelowa, wanatetemeka, hawajui wakirudi watakuta nini. Mtu amefia mikononi mwangu kwa sababu ya mtaro. Nataka siku moja mvua inyeshe, kila mtu alale kwake, na mimi nilale kwangu."

Walimpigia makofi hadi viti vikatikisika. Kinyozi alisema hotuba ile ndiyo iliyoleta mtaro, na huenda ni kweli. Mwombaji huombewa dua apate, lakini ni wachache wanaofikiria siku ya pili yake.

Mtaro ulichukua muda. Mtaa ulichimbwa mwanzo hadi mwisho, watu wakawa wanavuka juu ya mbao kwenda dukani, vumbi likaingia hadi kwenye chumvi. Bi Juu alikuwa na furaha isiyo kifani. Wachimbaji walikuwa wengi, wana kiu, na wana maneno. Aliwateremshia chai, akajua nani ana mke mkorofi na nani anaumwa jino. Mhandisi alikuwa binti mwembamba mwenye mabuti makubwa, na saa ya mapumziko alikaa kwenye ngazi ya Bi Juu akamweleza kazi ilivyo. Makalvati ya zege, mapana kiasi cha mtu kutembea ndani akiinama, yangepita chini ya barabara. Uwanja uliokuwa jalala ungechimbwa bwawa la kuyapokea maji yakizidi, yasubiri humo. Na kule mwisho, baharini, pangewekwa mlango wa chuma wenye bawaba juu. Maji ya mtaro yakisukuma yanaufungua, bahari ikisukuma inaufunga yenyewe.

"Kumbe dawa ilikuwa mlango!" alisema Bi Juu.

"Mlango na nafasi, mama. Maji ni kama wageni, yakikosa pa kukaa yanakaa popote."

Mahali palipokuwa chini kuliko pote ni mbele ya geti la Bi Juu, na hapo ndipo ulipowekwa wavu mkubwa wa chuma wa kuingizia maji. Siku ya kuondoka, mhandisi alimletea reki mpya yenye mpini mrefu.

"Mtaro hata uwe mkubwa namna gani, mdomo wake ni huu," alimwambia. "Ukizibwa na majani na mifuko, ni kama hatukuchimba. Kila wavu tumempa mtu. Huu ni wako, mama."

Bi Juu aliipokea reki kwa mikono miwili. Wachimbaji wakapakia vifaa vyao, wakapunga mkono, wakaenda kuchimba mitaa ya watu wengine.

Mvua za kwanza zilikuwa ndogo, hakuna aliyepanda, na Bi Juu hakushangaa. Mvua za pili zilikuwa za kutosha. Maji yalikusanyika, yakazunguka juu ya wavu, yakamezwa. Watu walitoka milangoni kutazama, wakashangilia, kinyozi akacheza ngoma yake mwenyewe katikati ya barabara. Bi Juu alishangilia pia. Alipanda ngazi, akakaa katikati ya chumba, akaitazama rafu ya shuka.

Baada ya hapo mtaa ulianza kupendeza. Mshonaji aliweka vigae sakafuni, vyeupe, vya kung'aa. Kinyozi naye aliagiza viti viwili vya kuzunguka, vile vinavyofungwa kwa bolti chini, akamwita Bi Juu mlangoni ashuhudie fundi akivitobolea zege. Bi Juu aliwapongeza. Lakini alipoona bolti zinakazwa, moyo ulimshuka. Kitu cha kufungwa sakafuni! Hapo ndipo alipoelewa kwamba hawa watu hawana mpango wa kupanda tena.

Si kwamba walimtupa, hasha. Walimwamkia vizuri kila asubuhi. "Shikamoo, Bi Juu! Nitapita, tuzungumze." Na kupita walipita, ila kwenda zao. Mshonaji alikuwa na wateja chungu nzima sasa kwa kuwa vitambaa vya watu havilowi tena. Kinyozi alikuwa na foleni. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini hawakusema dhiki ikiisha rafiki afanye nini. Bi Juu aliacha kukunjua shuka zake. Kisha akaanza kuzikunjua na kuzikunja upya, bila sababu, zikiwa safi.

Ukaja msimu wa mvua kubwa. Redio ilionya asubuhi: mvua nzito kuanzia adhuhuri, na siku hiyo hiyo bahari ingekuwa katika bamvua, ule ujaaji mkubwa kuliko wote. Zamani tangazo kama lile lingekuwa sawa na kugonga kengele. Bi Juu alifagia chumba cha juu. Alipanga magodoro. Alitoa sufuria kubwa, akaosha vumbi lake, akabandika maharage ya watu wote. Alijua mtaro ni mzima, hakuwa mpumbavu. Alijiambia tu kwamba tahadhari haiozi.

Mvua ilishuka kwa hasira. Alisimama dirishani, kwenye pembe ya mshonaji, akatazama barabara. Maji yaliteremka kutoka pande zote mbili, yakakutana getini kwake, yakaingia wavuni. Hakuna mlango uliofunguka. Hakuna godoro lililokunjwa. Maharage yaliiva, akapunguza moto, akaongeza maji, akapunguza moto tena.

Alasiri aliona maji hayamezwi tena. Upepo ulikuwa umekwangua miti yote ya mtaa na jalala la mahali fulani, na wavu ulikuwa umezibwa. Alichukua reki akateremka. Alipofika getini, maji yalimfika vifundoni. Chini yake aliona rundo la majani na gunia la plastiki lililolala juu ya wavu limetandazika, maji yenyewe yakilikandamiza. Kazi ya kuvuta mara moja mbili. Aliinua reki.

Akaishusha.

Msimhukumu haraka. Mwanamke yule alikuwa hajala na mtu tangu wachimbaji waondoke. Alisimama kwenye mvua, reki mkononi, akawa anafanya hesabu ya moyo: kidogo tu. Yafike vizingitini tu. Wangetoka, wangetazamana, mmoja angesema tupande, na ngazi ingejaa miguu. Kinyozi angeuliza kioo akiweke wapi. Wavu ulizibwa na upepo, si na yeye, na hakuna binadamu ambaye angejua. Alitaka wapande. Alitaka hivyo kwa nguvu zilizomtisha mwenyewe. Maji yalipanda kutoka vifundoni, yakavuka barabara, yakalamba ngazi ya chini ya mshonaji, kisha yakaifunika.

Alitazama dirisha la mshonaji, akingoja uso utokee. Taa ilikuwa inawaka. Mshonaji alikuwa amekaa mgongo dirishani, anashona. Mguu ulikanyaga, kitambaa kikasogea, wala hakugeuza shingo. Mvua ya kupasua paa inanyesha, bahari imejaa pomoni, na mtu wa nyumba ya chini kuliko zote ameipa mgongo. Na kwa nini asiipe? Wavu una mwenyewe.

Na nyuma ya mgongo ule Bi Juu aliuona mlango uliong'olewa, na uso wa mama yake mshonaji unapigwa na mvua. Alikumbuka miguu ile aliyoisugua ikakataa kupata joto.

"Ni mtu gani huyu!" alijiambia kwa sauti, na hakuwa akimsema mshonaji.

Akaitupa reki kwenye majani na kuvuta. Gunia halikutoka. Akavuta tena, mpini ukakunjika kidogo. Akapiga magoti, maji yakamfika kifuani, akaingiza mkono, akashika pindo la gunia na kulivuta kwa nguvu zote za mwanamke aliyekamua shuka za hoteli ujana wake wote. Chuma kikamchana kiganja hadi kifundo cha mkono. Gunia likaja. Wavu ukanguruma, maji yakazunguka, yakazama, ngazi ya mshonaji ikaonekana tena, imelowa tu. Cherehani haikusimama hata mara moja.

Alipanda kwake, akaiegemeza reki mlangoni. Simu ililia. Alikuwa mwanawe.

"Mama, nimesikia huko mvua ni kubwa. Maji yamepanda?"

"Hayakupanda, mwanangu."

"Watu je, wamepanda?"

"Hawakupanda."

"Afadhali! Mungu mkubwa. Sasa na wewe unaweza kupumzika, mama."

"Napumzika," alisema.

Simu ikakatika. Sufuria ilikuwa inachemka taratibu. Alipakua sahani moja, akaitazama, akarudisha maharage sufuriani. Alizima jiko, akavaa nguo kavu, akajifunga mkono kwa kipande cha shuka. Kisha akaibeba sufuria nzima, nzito kama dhambi, akateremka nayo kwenye mvua na kuvuka barabara.

"Hodi!"

Cherehani ilisimama. Mshonaji alifungua mlango, na kitu cha kwanza alichokitazama ni sakafu yake. "Bi Juu! Kuna nini? Maji yanakuja?"

"Maji hayaji."

"Mkono umefanya nini?"

"Wavu. Ulizibwa, nimeuzibua."

"Masikini! Na mimi nimekaa hapa sina habari."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Bi Juu. "Usiwe na habari."

Alikuwa ameandaa utani wakati anavuka barabara, kuhusu sufuria na mkeka mmoja, ila haukutoka. Alisimama kizingitini, maji yakimchuruzika usoni, maharage yakifuka moshi mikononi.

"Basi pita, lakini... umekimbia nini, Bi Juu? Kwako hakufikiki hata bahari ihamie mjini."

"Nimekikimbia chumba," alisema Bi Juu. "Mwenzio kimenizidi."

Mshonaji aliufungua mlango wote. Aliipokea sufuria, akaiweka mezani kati ya vipande vya kitambaa, akamshika mkono mzima kumwingiza ndani. Bi Juu alivua viatu na kukanyaga vigae vile vyeupe kwa uangalifu, akatazama huku na huku. Ndipo wote wawili wakatambua, kwa pamoja na kwa aibu, kwamba miaka yote ile Bi Juu hakuwahi kukaa ndani ya nyumba hii. Hakujua kiti kiko wapi.

"Nipe pembe," alisema. "Yoyote tu."